Ushairi wa Jadi wa Wabikol na Nafasi Yake katika Jamii: Kilichoandikwa na Kilichobaki Vinywani

1. Utangulizi

Mtafiti anayekusudia kuandika historia ya ushairi wa jadi wa Wabikol wa Ufilipino hukabiliwa tangu mwanzo na tatizo la ushahidi. Karibu kila kinachojulikana kuhusu ushairi huo kabla ya karne ya 20 kimepitia mikononi mwa mapadri wa Kihispania, yaani watu waliotumwa kuing'oa dini ambayo sehemu kubwa ya ushairi huo iliitumikia. Kamusi kubwa ya kwanza ya Kibikol ilitungwa na mtawa wa Kifransisko. Utenzi unaofahamika zaidi miongoni mwa Wabikol, Ibálong, umetufikia kwa Kihispania. Hata maelezo ya sala na nyimbo za makuhani wa kale yametoka katika kalamu ya padri aliyeziweka chini ya jina la ushirikina.

Hali hii imezaa maoni mawili yanayokinzana. Wapo wanaouchukulia Ibálong kuwa kielelezo kamili cha fasihi ya Wabikol kabla ya kuja kwa Wahispania, na wanaojenga juu yake historia nzima ya jamii hiyo. Wapo pia wanaoshikilia kwamba, maadamu matini ya Kibikol haipo, utenzi huo ni kazi ya mgeni na hauna lolote la kutuambia kuhusu ushairi wa wenyeji. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba maoni yote mawili yana kasoro moja ya msingi: yote yanautafuta ushairi wa jadi katika matini moja, kubwa na iliyokamilika. Tunadai kwamba ushairi wa Wabikol uliishi katika hafla, baina ya watu wanaojibizana, na kwamba utanzu mdogo uitwao tigsik, ambao hutajwa kwa nadra nje ya nchi hiyo, unatufunulia zaidi kuhusu nafasi ya ushairi katika jamii hiyo kuliko utenzi wenyewe. Swali hili si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Sisi pia, kila tunapofundisha fasihi simulizi kutoka vitabuni, huwa tunaulizwa na wanafunzi wetu ni nini hasa kilichobaki pale sauti ilipoondoka.

2. Wabikol na lugha yao

Wabikol ni wenyeji wa rasi ya kusini mashariki ya kisiwa cha Luzon pamoja na visiwa vya jirani. Eneo lao limegawika katika mikoa 6: Albay, Camarines Norte, Camarines Sur, Sorsogon, Catanduanes na Masbate. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, eneo hilo lilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 6. Ni nchi ya volkano na tufani. Mlima Mayon, ulioko Albay, umelipuka mara nyingi katika historia iliyoandikwa, na tufani za Bahari ya Pasifiki huipiga nchi hiyo mwaka baada ya mwaka. Si ajabu basi kwamba gharika, moto na mitetemeko ya ardhi vina nafasi kubwa katika masimulizi yao.

Kinachoitwa Kibikol kwa hakika ni kundi la lugha na lahaja zilizo karibu. Ile inayozungumzwa Naga na Legazpi ndiyo iliyopata kutumika zaidi kanisani na katika uchapishaji, ilhali nyingine, kama vile Rinconada inayozungumzwa Iriga na vitongoji vyake, zilibaki kwa muda mrefu nje ya maandishi. Sababu ya tofauti hii ni ya kihistoria. Mwaka 1595 Kanisa Katoliki liliunda jimbo la Nueva Cáceres, na mji huo, ambao leo unaitwa Naga, ukawa makao ya askofu. Lugha ya mji wa askofu ndiyo iliyoandikiwa katekisimu na sala, na hatimaye mashairi. Ushairi wa jamii nyingine za Wabikol haukuwa duni kwa lolote. Ulikosa tu mwandishi aliyekaa karibu nao. Hivyo basi, hata kabla hatujaugusa ushairi wenyewe, hatuna budi kukiri kwamba ramani ya kilichohifadhiwa ni ramani ya uenezi wa dini.

3. Ushahidi wa kamusi

Chanzo cha kale kilicho muhimu kuliko vyote ni Vocabulario de la lengua bicol ya Marcos de Lisboa, mtawa wa Kifransisko aliyefanya kazi nchini humo mwanzoni mwa karne ya 17. Kamusi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1754, zaidi ya miaka 100 baada ya kukusanywa, na ikachapishwa tena mwaka 1865. Lisboa hakuwa mhakiki wa fasihi. Lengo lake lilikuwa kumwezesha padri kuhubiri na kusikiliza maungamo. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa msikilizaji makini, aliandika zaidi ya kile ambacho kazi yake ilimdai.

Jambo lililo na uzito kwetu ni kwamba Lisboa alibainisha maneno ambayo hayakutumika katika mazungumzo ya kawaida. Malcolm Mintz, mwanaisimu aliyetunga kamusi ya kisasa ya Kibikol na kuichunguza kwa kina ile ya Lisboa, alionyesha mwaka 1991 kwamba katika kamusi hiyo ya kale mna mafungu mawili ya msamiati maalumu: maneno ya hasira na maneno ya ushairi na masimulizi. Fungu la kwanza lingali hai. Mbikol aliyekasirika haiti mchele bagas, huuita lasgas. Jicho, ambalo kwa kawaida ni mata, hugeuka kuwa malsok. Mengine huundwa kwa kulibadili neno la kawaida umbo, na mengine ni maneno tofauti kabisa. Fungu la pili, lile la ushairi, halikupata bahati hiyo, na kwa sehemu kubwa limebaki katika kurasa za Lisboa.

Kuwekwa bega kwa bega kwa mafungu haya mawili kunastahili kutafakariwa. Kunaashiria kwamba, katika fikra za Wabikol wa karne ya 17, kutunga shairi na kukasirika vilikuwa hali mbili zilizomtoa msemaji katika usemi wa kila siku na kumtaka avae lugha nyingine. Msikilizaji alitambua kwa neno la kwanza tu kwamba sasa hapasemwi kama kawaida. Wasomaji wa tenzi zetu za kale, wanaoujua mzigo wa msamiati wa Kingozi, hawatapata taabu kuelewa jambo hili.

Swali linalofuata ni hili: kwa nini msamiati wa hasira uliishi na wa ushairi ukafifia? Kwa maoni yetu, jibu linapatikana katika hafla. Hasira haihitaji kibali cha mtu wala siku maalumu. Huzuka nyumbani, sokoni na shambani. Msamiati wa ushairi, kwa upande mwingine, ulitegemea mikusanyiko ambayo mingi ilihusiana na ibada za kale au na heshima za watawala wa kienyeji. Mikusanyiko hiyo ilipopigwa marufuku au kubadilishwa, maneno yalikosa mahali pa kusemewa. Lugha haikuyasahau kwa sababu ya uchakavu. Yaliondolewa kiti chake.

4. Kutoka soraki hadi pasyon

Tunajua kiasi fulani kuhusu ibada hizo kutokana na maelezo ya padri José Castaño, yaliyochapishwa Madrid mwaka 1895 katika juzuu ya kwanza ya mkusanyo wa Wenceslao Retana, Archivo del Bibliófilo Filipino. Castaño anamtaja Gugurang, mungu mwema aliyeheshimiwa na Wabikol, na adui yake Asuang. Anaeleza sadaka iitwayo atang iliyotolewa kwa Gugurang, ikiongozwa na makuhani wa kike walioitwa balyan, pamoja na wimbo wa ibada ulioitwa soraki. Maneno ya nyimbo hizo hayakutunzwa kwa namna ambayo ingetuwezesha kuzichambua kifani. Kinachobainika ni kwamba ushairi ulikuwa sehemu ya tendo lenyewe la kutoa sadaka, na kwamba wanawake ndio waliokuwa na mamlaka juu yake.

Kanisa liliiondoa soraki lakini halikuiacha nafasi yake wazi. Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19, Wabikol walikuwa na pasyon yao, yaani masimulizi marefu ya mateso ya Kristo katika beti, yaliyochukuliwa kutoka utamaduni wa pasyon ya Kitagalogi. Pasyon huimbwa katika Juma Kuu, nyumbani au katika vibanda vya ibada, kwa zamu, usiku na mchana. Vivyo hivyo, katika mji wa Canaman, Camarines Sur, kuna lagaylay ya mwezi wa Mei, ambapo wanawake huimba na kucheza wakiadhimisha kupatikana kwa Msalaba Mtakatifu. Mtu akiyatazama maudhui pekee, haya ni mambo ya kigeni. Akiitazama hafla, ataona mambo ya zamani: uimbaji wa kupokezana na ushairi usiotenganishwa na tendo la ibada. Katika lagaylay ataona pia sauti za wanawake zikitangulia mbele ya mkusanyiko.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno ambalo Wakristo wa Kibikol hutumia kwa maana ya Bwana ni Kagurangnan. Shina lake ni gurang, yaani mzee au aliyetangulia kwa umri, na ndilo shina linalosikika pia katika jina la Gugurang. Hatudai kwamba mwimbaji wa pasyon humwabudu mungu wa kale kwa siri. Dai kama hilo lingekuwa la kimapenzi zaidi kuliko la kitaaluma. Tunachosema ni kwamba heshima kwa mkubwa, ambayo ndiyo iliyokuwa mhimili wa ibada ya kwanza, ilipata neno lake katika ushairi wa ibada ya pili, na kwamba waumini hawakulazimika kujifunza upya namna ya kuomba kwa kuimba.

5. Ibálong na swali la asili

Katika maelezo hayo hayo ya Castaño ndimo ulimochapishwa utenzi uliokuja kuitwa Ibálong. Una beti 60 za mishororo minne, zote kwa Kihispania. Unaanza kwa Yling kumwomba manju Cadugnung asimulie habari za nchi ya kale. Cadugnung anaimba juu ya mashujaa watatu. Baltog analima na kumuua Tandayag, nguruwe mwitu mkubwa anayeharibu mashamba. Handyong anaisafisha nchi kwa kupambana na majoka na mamba, anamshinda hatimaye Oryol, nyoka mwenye hila na sauti ya kuvutia, kisha anaweka sheria na kusimamia kilimo. Bantong, kijana wa mwisho, anamuua Rabot, kiumbe mwenye uwezo wa kuwageuza watu mawe. Katikati mnasimuliwa ugunduzi wa vyombo vya maisha, pamoja na gharika na milipuko iliyobadilisha sura ya nchi. Kisha Cadugnung ananyamaza, akiahidi kuendelea siku nyingine.

Mashaka ya wahakiki yana msingi. Hakuna matini ya Kibikol iliyopatikana hadi leo. Uandishi wa beti za Kihispania umehusishwa na Bernardino Melendreras, Mfransisko aliyefariki mwaka 1867, miaka 28 kabla ya kuchapishwa kwa utenzi. Mpangilio wa masimulizi, unaotoka mkulima hadi mtungasheria, unaafiki mno dhana ya maendeleo ya ustaarabu iliyopendwa Ulaya katika karne ya 19. Wanaoutetea uasilia wake huelekeza kwenye majina. Anayechonga herufi juu ya jiwe la Libon anaitwa Sural, jina linalokaribiana na surat, kuandika. Aliyebuni kitanda cha kufumia anaitwa Hablom, jina linalokumbusha habol, kazi ya ufumaji. Hoja hii ina mvuto, lakini haitoshi. Padri aliyekaa miaka mingi miongoni mwa Wabikol angeweza kuyaunda majina kama hayo, kama vile angeweza kuyasikia.

Wasomi wa Kibikol na wa Ufilipino kwa jumla, miongoni mwao Maria Lilia Realubit katika Bikols of the Philippines (1983) na Merito Espinas katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu utenzi huu, wameshughulika nao kwa bidii. Sisi tungependa kuhamisha swali. Tukiacha kuuliza ni maneno ya nani, tukauliza utenzi unaupa ushairi nafasi gani, tunaona jambo ambalo mabishano ya uasilia huliruka. Utenzi hauanzi kwa shujaa. Unaanza kwa ombi. Manju haimbi mpaka mtu amwombe, na haimalizi hadithi, bali anaikatiza kwa ahadi. Kama beti hizi ni za Melendreras, basi naye, alipotaka kuufanya ushairi wa Kibikol utambulike, aliona hawezi kuuleta bila msikilizaji, ombi na kikomo cha kikao. Aliyeandika, awe nani, aliujua mwenendo wa hafla. Huo ndio ushahidi ulio imara zaidi ndani ya matini yenye utata.

Isitoshe, Wabikol wenyewe hawakuwangoja wahakiki watoe hukumu. Tangu miaka ya 1990, mji wa Legazpi umekuwa na tamasha la Ibalong ambapo mashujaa na madubwana hupita mitaani kwa vinyago na ngoma. Mwaka 1993 Merlinda Bobis, mshairi mzaliwa wa Albay, alichapisha utenzi juu ya Daragang Magayon, mwanamke wa ngano ya asili ya Mlima Mayon, akimgeuza kutoka bibi harusi aliyeuawa kuwa mpiganaji. Utenzi wa padri umezaa utamaduni ulio hai, na utamaduni huo haupungui thamani kwa sababu chimbuko lake lina mashaka. Hatari iko kwingine: kadiri vinyago vya Ibálong vinavyoupa utalii sura, ndivyo ushairi usio na vinyago unavyozidi kutoonekana.

6. Tigsik: ushairi wa kikombe

Ushairi huo usio na vinyago ni tigsik. Tigsik ni shairi fupi la papo kwa papo linalotolewa wakati wa kunywa, aghalabu ubeti mmoja wenye mishororo minne yenye vina. Mtoaji hutangaza kwanza kile anachokinywea heshima: mwenyeji, binti wa nyumba, ua, tunda, kiungo cha mwili, padri, mwanasiasa, hata chupa yenyewe. Kisha hulazimika kukamilisha mishororo kwa namna itakayowachekesha, kuwagusa au kuwachoma waliopo. Akimaliza, hunywa, na zamu humwendea mwingine.

Ili kuuelewa utaratibu huu, ni lazima kuelewa namna ya kunywa. Katika kikao cha Wafilipino, kikombe kimoja huzungushwa. Mmoja humimina na wote hunywea humo kwa zamu. Kinywaji cha jadi ni tuba, yaani tembo linalogemwa katika minazi au michikichi ya majini. Zamu ya kikombe ndiyo zamu ya kusema. Hakuna anayeweza kujificha nyuma ya wengine, na hakuna anayeweza kulishika jukwaa usiku kucha. Mzee na kijana, tajiri na mvuvi, wote hukutana na kikombe kile kile na sharti lile lile la vina. Hivyo tigsik huleta usawa wa muda ambao maisha ya mchana hayautoi.

Dhima zake ni nyingi, lakini mbili zina umuhimu wa pekee. Ya kwanza ni sifa: mtu hutambuliwa hadharani, kwa jina, na kwa maneno yaliyotungwa kwa ajili yake usiku ule. Ya pili ni kejeli. Kwa kuwa tigsik ni mchezo, ina ruhusa ambayo usemi wa kawaida hauna. Aliyechomwa hatakiwi kukasirika. Anatakiwa kungoja kikombe na kujibu. Ugomvi ambao ungeweza kuzuka hugeuzwa kuwa ubeti. Hapa tunakumbuka mafungu mawili ya msamiati katika kamusi ya Lisboa. Hasira na ushairi, vilivyokaa jirani katika kamusi, vinakutana tena mezani, na mara hii ushairi unaichukua kazi ya hasira.

Mtu anaweza kupinga kwamba tigsik ya leo haithibitishi lolote kuhusu zama za kale, kwa sababu beti za mishororo minne na vina vya mwisho huenda viliathiriwa na mashairi ya Kihispania. Pingamizi hili tunalipokea kwa upande wa fani. Hata hivyo, kinachodumu katika fasihi simulizi mara nyingi si umbo la ubeti; ni mkataba baina ya msemaji na msikilizaji. Mkataba wa tigsik, yaani mwito, zamu na jibu, ndio ule ule tuliouona katika ombi la Yling na katika uimbaji wa zamu wa pasyon. Aidha, tigsik ilisalia kwa sababu zinazoeleweka. Haikuwa na mungu wa kupigwa vita, wala haikuhitaji kuhani, mfadhili au kitabu. Ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutoonekana kuwa hatari.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya ushairi wa jadi wa Wabikol ina njia mbili. Njia ya maandishi imehifadhi mengi, lakini kwa masharti ya waandishi: msamiati bila mashairi yake, ibada bila sauti yake, utenzi bila lugha yake. Njia ya hafla imehifadhi machache yanayoweza kushikwa mkononi, ila imehifadhi jinsi ushairi unavyofanya kazi. Mhakiki anayefuata njia ya kwanza pekee atabaki akibishana juu ya Ibálong bila kikomo.

Suala hili lina uzito wa wakati huu. Mwaka 2012 shule za Ufilipino zilianza kutumia lugha za mama, Kibikol kikiwemo, katika madarasa ya mwanzo. Mwaka 2024 sheria mpya iliondoa ulazima huo. Wakati huo huo, waandishi wa Naga, Legazpi na Iriga wameendelea kutunga kwa Kibikol, na tigsik imeingia katika mashindano na katika mitandao ya kijamii. Kuingia huku kunaweza kuirefushia maisha. Kunaweza pia kuifanya iwe ubeti ulioandikwa na mtu mmoja mbele ya kioo, usiomngoja yeyote.

Kwa hiyo, anayekwenda kukusanya tigsik hapaswi kurudi na beti peke yake. Aandike ni nani aliyemimina, nani aliyechomwa, nani aliyecheka, na jibu lilikuwa lipi kikombe kilipomrudia. Lisboa alituachia maneno bila vikao vyake, na tumekuwa tukiilipa gharama hiyo kwa karne nne. Vikao bado vipo, na hakuna udhuru wa kurudia upungufu huo.